Mistari ya Kata za Birmingham

Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1868 mji wa Birmingham ulikuwa na viti vitatu, lakini kila mpiga kura alipewa kura mbili tu. Waliotunga sheria hiyo mwaka uliotangulia walikuwa na hesabu yao: chama kikubwa kichukue viti viwili, kidogo kisikose kimoja. Waliberali wa Birmingham nao wakakaa wakapiga yao. Mji ulikuwa umegawanywa katika kata, na kila kata ilikuwa na kamati ya chama. Basi wakaamua: watu wa kata hii wampe kura mgombea wa kwanza na wa pili, wa kata ile wampe wa pili na wa tatu, wa kata nyingine wa kwanza na wa tatu. Mtu hakuachiwa kumchagua ampendaye. Aliambiwa apige kama alivyoagizwa, akapiga. George Dixon, Philip Henry Muntz na John Bright, Waliberali wote watatu, wakapata zaidi ya kura 14,000 kila mmoja. Mhafidhina aliyewafuata hakufika 9,000. Sheria ya kuwalinda wachache ikawa imekwenda na maji.

Habari hii huwa nawasimulia wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi nao hapa Birmingham, wanaodhani kwamba kata ni mambo ya taa za barabarani na mapipa ya taka, na kwamba siasa yenyewe iko London. Mimi ni dereva wa basi mstaafu, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nimeendesha basi namba 50 kwa miaka mingi, lile linalotoka katikati ya jiji likapita Balsall Heath, Moseley na King's Heath, likashuka kusini hadi upande wa Druids Heath. Nilipokuwa kazini mji niliujua kwa vituo vya basi. Kata zake nimekuja kuzisoma baadaye, katika Maktaba ya Birmingham, muda ulipopatikana. Na kilichonisukuma kusoma ni uchaguzi wa madiwani wa Mei 2018, ambapo kata zote za jiji zilifutwa zikachorwa upya, na watu wa basi langu wakaanza kuulizana wako wapi.

Mji huu ulichelewa sana kupata serikali yake. Hadi 1832 haukuwa na mbunge hata mmoja, ingawa viwanda vyake vya chuma, bunduki na vifungo vilijulikana dunia nzima. Mitaa iliangaliwa na kamati ya matajiri iliyoanzishwa 1769, ambayo wananchi hawakuichagua. Hati ya kuwa manispaa ilitoka Oktoba 1838, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi. Kata zilikuwa 13 na madiwani 48, na juu yao kulikuwa na wazee wa baraza 16 waliochaguliwa na madiwani wenyewe. Wenye siasa kali za mabadiliko walizoa viti vyote 48. Wahafidhina walitoka mikono mitupu, wakaanza kudai kwamba hati yenyewe si halali. Kwa miaka kadhaa baraza lilikuwa na jina bila fedha, kwa sababu walipa kodi waligoma na wanasheria wakabishana. Ghasia zilipolipuka Julai 1839 Bull Ring, sokoni katikati ya mji, serikali ya London ilichukua polisi wa mji ikawaweka chini ya kamishna wake hadi 1842. Kamishna huyo hakuchaguliwa na kata yoyote kati ya zile 13.

Chama cha Waliberali kilijifunza kutokana na udhaifu huo. Mtu aliyebuni mpango wa 1868 anatajwa kuwa William Harris, na baada ya ushindi ule kamati za kata zikakua zikawa mtambo mzima: kila kata ilikuwa na mkutano wake, kila mkutano ukapeleka wajumbe katika kamati kuu, mpaka ikaitwa kwa idadi yake, yaani wale Mia Sita. Waingereza wengine waliuchukia utaratibu huo, wakiona ni wa Kimarekani. Mimi nikiusoma naona ni wa kwetu kabisa. Yeyote aliyewahi kuwa na balozi wa nyumba kumi atautambua mara moja. Tena haukuwa mtambo usiokosea. Mwaka 1870, katika uchaguzi wa bodi ya shule, kila mtu alikuwa na kura 15 na aliweza kuzirundika zote kwa mgombea mmoja. Waliberali, kwa tamaa, wakasimamisha wagombea 15 kwa viti 15. Kura zao zikatawanyika, wakaambulia viti sita. Watu wa Kanisa la Anglikana, waliosimamisha wachache wakawarundikia kura, walichukua vinane.

Mtambo huo ndio uliomwinua Joseph Chamberlain, mfanyabiashara wa skrubu. Aliingia baraza mwaka 1869 kupitia kata ya St Paul's, akawa meya 1873. Katika miaka mitatu tu mji ulinunua kampuni za gesi, ukachukua maji, ukapitisha mpango wa kubomoa vibanda vya katikati ya mji ili kupitisha barabara ya Corporation Street. Akaenda bungeni 1876. Wasomaji wa kwetu wanamjua bila kujua kwamba wanamjua: Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, aliteremka Mombasa akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, akapanda treni ya reli ya Uganda kwenda bara. Miezi michache baadaye alimwambia kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wangeweza kupewa ardhi Afrika Mashariki. Mahali palipokuja kutajwa ni nyanda za Uasin Gishu, ambako leo kuna mji wa Eldoret. Mpango huo ulikataliwa na mkutano wa Wazayuni mwaka 1905. Wanandi na Wamasai hawakuulizwa popote. Nyumbani kwake Birmingham, Chamberlain alikuwa mtu wa kuhesabu wapiga kura mlango kwa mlango, lakini dirishani mwa treni ile aliona kiwanja kitupu.

Nirudi Balsall Heath, maana hapo ndipo mstari wa mpaka unaweza kushikwa kwa mkono. Hadi 1891 eneo hilo halikuwa Birmingham. Lilikuwa wilaya ya Worcestershire, mahali pa wafanyakazi na nyumba za matofali zilizobanana. Mwaka huo Birmingham ilijipanua, ikazimeza Balsall Heath, Harborne, Saltley na Ward End, na baraza likapangwa upya kuwa kata 18 zenye madiwani watatu kila moja. Kila mtaa uliokubali kumezwa ulitaka kitu. Watu wa Balsall Heath waliahidiwa maktaba na hamamu ya umma. Maktaba ilikuja kwanza. Hamamu ikachelewa, na kuchelewa, hadi Oktoba 1907, miaka 16 baada ya mpaka kusogezwa.

Lakini ilipokuja! Iko Moseley Road, matofali mekundu na mapambo ya udongo wa kuchoma, ubavuni mwa maktaba. Nimelipita jengo hilo na basi mara zisizo na hesabu. Mlangoni kuna njia tatu, na juu yake yamechongwa maneno yanayosomeka hadi leo: wanaume daraja la kwanza, wanaume daraja la pili, wanawake. Wanawake wao walikuwa na mlango mmoja tu, kana kwamba hawana madaraja. Ndani kulikuwa na mabwawa mawili ya kuogelea, na vyumba vidogo vyenye mabeseni ya kuogea kwa ajili ya watu ambao nyumba zao hazikuwa na bafu. Vyumba hivyo vilitumika hadi 2004. Aliyewahi kupita Hamamni, Unguja, akaona jengo la Sayyid Barghash, anajua hamamu ya mtawala inafananaje. Hii ya Balsall Heath ilitoka kwenye mapatano ya kuchora kata, na ndiyo maana naipenda zaidi.

Mwaka 1911 mpaka ulisogezwa tena, safari hii kwa mkupuo. Aston Manor, Handsworth, Erdington, Yardley, King's Norton na Northfield ziliingia kwa pamoja. Eneo la jiji likawa zaidi ya mara tatu ya lile la zamani, na watu wakafika kama 840,000. Kata zikawa 30, madiwani 90 na wazee wa baraza 30. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo ulikuwa wa kujaza baraza zima jipya, na miongoni mwa walioingia alikuwamo mtoto wa Joseph, Neville Chamberlain, kwa tiketi ya kata ya All Saints'. Alikuwa na umri wa miaka 42 na hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Baada ya miaka minne akawa meya. 1937 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Wanahistoria wanamkumbuka kwa makubaliano ya Munich na Hitler. Wazee wa Birmingham niliokuwa nikiwabeba walimkumbuka kwa benki ya akiba ya manispaa aliyoianzisha.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Wazee wa baraza walifutwa 1974, mwaka ambao mji wa Sutton Coldfield uliingizwa Birmingham. Baadhi ya wakazi wake hawajaimeza habari hiyo hadi leo, na tangu 2016 wana baraza lao dogo la mji. Mtindo wa madiwani watatu kwa kila kata ukaendelea, theluthi moja wakichaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, ila sasa mwaka wa nne hakuna uchaguzi.

Mwaka 2004 kata zilichorwa upya zikawa 40, na madiwani wote 120 wakachaguliwa siku moja, tarehe 10 Juni. Uchaguzi huo uliacha doa. Katika kata za Aston na Bordesley Green kura za posta zilikusanywa na kujazwa na watu wasiohusika. Kesi ilisikilizwa na Jaji Richard Mawrey, ambaye mwaka 2005 alifuta matokeo ya kata zote mbili kwa maneno makali ambayo magazeti yaliyarudia kwa wiki nzima. Mmoja wa madiwani waliotiwa hatiani alisafishwa baadaye na Mahakama ya Rufaa. Bunge nalo likabadili sheria mwaka 2006, na tangu hapo anayepiga kura kwa posta hutakiwa kuweka saini na tarehe ya kuzaliwa. Ninayataja haya kwa sababu kila uchaguzi unaofuata mabadiliko ya kata una ukungu wake: wagombea hawajui wapiga kura wao, wapiga kura hawajui wagombea, na mwenye hila hupata nafasi katikati.

Desemba 2014 Sir Bob Kerslake, aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma, alitoa ripoti juu ya halmashauri ya Birmingham. Ilikuwa kali. Halmashauri hii ndiyo kubwa kuliko halmashauri zote za miji Uingereza kwa idadi ya watu, zaidi ya milioni moja, na Kerslake aliona kwamba ukubwa umekuwa kisingizio. Kata moja ilikuwa na watu wapatao 25,000 na zaidi, ukubwa wa mji mdogo. Uchaguzi wa karibu kila mwaka uliwafanya viongozi waogope maamuzi magumu. Akapendekeza madiwani wote wachaguliwe pamoja kila baada ya miaka minne, na idadi yao na mipaka ya kata iangaliwe upya.

Kazi ya kuchora ikaenda kwa Tume ya Mipaka ya Serikali za Mitaa. Tume hiyo hufuata mambo matatu: kila diwani awe na idadi ya wapiga kura inayokaribiana na ya mwenzake, jamii zisikatwe ovyo, na utawala uwe rahisi. Haisikilizi hoja kwamba mstari utakishusha chama fulani, wala kwamba utashusha bei ya nyumba. Rasimu ilitoka mwishoni mwa 2015, na watu wakaja juu. Ukisoma hoja zao utadhani wanagombea kaburi la babu: mtaa huu hauwezi kuitwa kwa jina la ule, barabara hii ni yetu, kanisa letu limebaki ng'ambo. Siwacheki. Ngamiani yetu ya Tanga nayo ni Kaskazini, Kati na Kusini, na ukiwachanganya wenyewe watakurekebisha. Mapendekezo ya mwisho yalitoka 2016: madiwani 101, kata 69, kati ya hizo 37 zenye diwani mmoja na 32 zenye wawili.

Balsall Heath ilipasuliwa. Upande mmoja ukawa Balsall Heath West, diwani mmoja. Upande wa pili uliunganishwa na jirani ukawa Sparkbrook & Balsall Heath East, madiwani wawili. Mtaa ulioingia jijini mwaka 1891 ukiwa kitu kimoja sasa ulikuwa nusu mbili, na majirani waliokuwa wakipokea karatasi ya kura ya namna moja wakajikuta huyu ana alama mbili za kuweka na yule ana moja. Kituoni watu waliniuliza kama ni haki. Niliwajibu kwamba kwa hesabu ni haki, maana mwenye kura mbili anagawana madiwani wawili na watu maradufu. Hawakuridhika, na mimi sikuwalaumu.

Uchaguzi ulikuwa Alhamisi, tarehe 3 Mei 2018. Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi vikafungwa saa nne usiku. Mwaka ule mpiga kura wa Birmingham hakuulizwa kitambulisho: alitaja jina na anwani, karani akapiga mstari kwenye daftari, akapewa karatasi na kalamu ya risasi. Wengi nyumbani hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, akiwa na ruhusa halali ya kuishi huku, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya na Mganda walipiga, na Mnyarwanda pia, kwa kuwa Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009. Mrundi hakuweza. Mkongo naye hakuweza, isipokuwa awe amepitia Ubelgiji au Ufaransa akapata pasipoti ya huko. Wakati ule raia wa Umoja wa Ulaya walikuwa wakichagua madiwani. Nilimjua bwana mmoja wa Bukavu aliyepiga kura ya Birmingham kwa nguvu ya pasipoti ya Ubelgiji. Alisema hilo ndilo deni pekee Ubelgiji iliyowahi kumlipa.

Kiangazi kilichotangulia wazoa taka walikuwa wamegoma, mitaa ikanuka, na kiongozi wa halmashauri, John Clancy, akajiuzulu Septemba 2017. Ungetarajia chama chake kiadhibiwe, hasa kwa ramani mpya iliyovuruga ngome za zamani. Haikuwa hivyo. Chama hicho, Labour, kilipata viti 67, Conservative 25, Liberal Democrats 8, Green kimoja. Labour ilikuwa na karibu theluthi mbili ya baraza la zamani. Ikabaki na karibu theluthi mbili ya baraza jipya. Mistari mipya yote ile, na mizani ikasimama palepale.

Kile kiti kimoja cha Green ndicho kilichonivutia. Kilitoka Druids Heath & Monyhull, kwenye ncha ya safari yangu. Druids Heath ni mtaa wa maghorofa ya halmashauri, uliokuwa mkiani mwa kata kubwa ya Brandwood, ambako wapiga kura wa King's Heath na mitaa jirani waliwazidi kwa wingi. Ramani ya 2018 iliwapa kata yao wenyewe, diwani mmoja, na mgombea wa Green, Julien Pritchard, akashinda. Kata ya watatu isingemwona mtu kama yeye. Kura zake zingezama katika bahari ya wengine. Ukiniuliza ramani ile ilifanya nini, nitakujibu hivyo: chama kilichotawala ilikiacha kilipo, lakini mtaa uliokuwa haufikiwi ukapata mtu wa kushikana naye mashati.

Masika hayohayo halmashauri ilikuwa imejitoa katika kuendesha hamamu ya Moseley Road. Wakazi waliunda taasisi yao ya hisani, wakachukua funguo Aprili 2018, mwezi mmoja kabla ya kura, ili kuogelea kusikome. Ahadi ya 1891 ikawa sasa ni mzigo wa wenye mtaa wenyewe.

Mwaka 2022 Labour ilirudi na viti 65. Septemba 2023 halmashauri ilitangaza kwamba haiwezi kulipa gharama zake, sababu kubwa zikiwa madai ya malipo sawa ya wanawake waliokuwa wakilipwa chini ya wanaume kwa miaka, pamoja na mfumo wa kompyuta uliokula fedha. Oktoba serikali ya London ikaleta makamishna, wakiongozwa na Max Caller. Jina hilo nilikuwa nimekwisha kuliona maktabani: ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Mipaka hadi 2015, wakati ramani ya Birmingham ilipoanza kuchorwa. Alirudi akiwa na mamlaka juu ya madiwani 101, na, kama yule kamishna wa polisi wa 1839, bila kura hata moja.

Machi 2024 madiwani walipitisha bajeti ya kukata huduma, kodi ya halmashauri ikapanda kwa karibu asilimia 10, na mwaka uliofuata asilimia saba na nusu tena. Machi 2025 wazoa taka wakagoma moja kwa moja. Mifuko ikarundikana Balsall Heath na Sparkbrook mpaka panya wakawa wanapita mchana. Kipindi cha kata za madiwani watatu, watu walikuwa wakiuliza kwanza wamlalamikie nani kati ya hao. Safari hii, katika zile kata 37, hakuna aliyehitaji kuuliza. Walimpigia diwani wao mmoja, usiku na mchana, kuhusu mgogoro ambao fedha za kuumaliza zilihitaji ridhaa ya makamishna.